Pombe inageuka nyeupe tukiongeza maji, tutumie maji gani?

*Swali: Habari ya kazi daktari. Mimi na shemeji yangu tuko na mtambo mdogo wa lita 60 nyuma ya nyumba hapa Kitengela, leseni tunayo. Tunapika spiriti ya sukari nguru na molasi. Ikitoka kwa mtambo ni safi kabisa, tunaikinga kwa jerikeni, kipimo cha pombe kinasoma asilimia 65. Shida inaanza tukitaka kuishusha ifike 40. Tukitia maji ya kisima chetu inageuka nyeupe hapo hapo kama maji ya kuosha mchele, na kesho yake kuna unga mweupe chini ya chupa. Tumejaribu kuchemsha maji kwanza, unga ukapungua lakini ule weupe uko palepale. Mama mkwe anasema tukinge mvua, fundi wa magari anasema dawa ni maji ya betri, na jamaa mwingine anasema pombe ikigeuka nyeupe ujue iko na sumu tumwage yote. Tuko na kama lita 30 zimesimama. Maji gani ndio sawa, na hii kitu ni hatari ama sio hatari?*

Asante ndugu yangu, na asante zaidi kwa kueleza kila hatua, manake jibu lako limejificha kwa maelezo yako mwenyewe. Umesema mambo mawili: inageuka nyeupe hapo hapo, na kesho yake kuna unga chini. Wewe umeyaona kama shida moja, lakini kwa macho yangu ni shida mbili tofauti zimekutana kwa chupa moja, moja inatoka kwa maji na ingine inatoka kwa pombe yenyewe. Ndio maana ulipochemsha maji moja ilipungua na ingine ikakaa palepale. Ukibadilisha maji peke yake utatibu nusu ya ugonjwa, alafu utalaumu maji mapya bure.

Wacha nianze na ile ya sumu juu najua hiyo ndio inakunyima usingizi. Weupe sio alama ya sumu. Methanoli, ambayo ndio sumu watu wanaogopa kwa pombe ya kupika, inayeyuka kwa maji kabisa kabisa, haigeuzi rangi, haileti ukungu, haishuki chini. Sasa geuza hayo maneno uone upande wa pili, ambao ndio wa hatari zaidi: pombe iliyo safi kama kioo inaweza kuwa imejaa methanoli na usione kitu. Mei 2014 watu wengi walikufa kwa kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwemo, na Februari 2024 wengine zaidi ya kumi kule Kirinyaga, na hakuna jicho lingeweza kuwaambia kwamba kilichoko kwa glasi kinaua. Kile kinachoua hivyo mara nyingi ni methanoli ya viwandani ambayo mtu ameiongeza ili pombe iwe kali kwa bei rahisi. Kangara (ule mchanganyiko unaochacha kabla ya kupikwa) ya sukari nguru na molasi inatoa methanoli kidogo sana, kwa sababu methanoli kwa uchachu inatokana na pektini ya maganda na nyama ya matunda, na sukari haina hiyo kitu. Kwa hivyo kama ni nyinyi mmepika kutoka mwanzo na hamjaongeza chochote cha kununua, usimwage kwa sababu ya rangi. Lakini usiseme pia ni salama kwa sababu ya rangi, hapo ni maabara ndio inaongea na nitarudi kwa hilo. Na hakuna maji ya kuondoa methanoli, iwe ni ya mvua ama ya betri ama ya chemchemi. Ukiongeza maji unapunguza ukali, basi.

Sasa tuingie kwa unga.

Maji ya kisima kirefu yamepita kwa mawe miaka mingi na yamebeba chokaa, magnesiamu, chumvi na vitu vingine ambavyo huvioni kwa sababu vimeyeyuka. Pande zenu za Kitengela na Athi River visima vingi vina chumvi na floraidi, ndio unaona watu wako na kisima kwa boma na bado wananunua maji ya kunywa. Maji peke yake yanaweza kubeba huo mzigo bila shida. Lakini pombe haipendi kubeba chokaa, kwa hivyo ukichanganya maji na spiriti, uwezo wa ule mchanganyiko kubeba madini unashuka sana, na yale madini yanakosa pa kukaa. Yanatoka. Hayatoki yote kwa dakika moja kwa sababu punje zinahitaji muda wa kujijenga, zinaanza ndogo hata huzioni, zinakua usiku kucha, asubuhi unakuta unga ama vipande vidogo vyeupe kama magamba chini ya chupa. Wakati mwingine inachukua wiki, na hiyo ndio mbaya zaidi kwa mtu anayeuza, manake chupa inatoka kwako ikiwa safi na inafika kwa mteja ikiwa na takataka.

Kuchemsha kulisaidia nusu kwa sababu ugumu wa maji uko wa aina mbili. Kuna chokaa ambayo imeyeyuka pamoja na hewa ya kaboni, hiyo ukichemsha inatoka inashika kwa sufuria, ndio ule ukoko mweupe unaouona kwa birika ya chai. Na kuna ile ya salfeti na kloraidi ambayo haijali moto, utachemsha mpaka gesi iishe na bado iko. Tena unapochemsha maji yanapungua kwa mvuke, chumvi haipungui, kwa hivyo kilichobaki kimekolea zaidi kuliko mwanzo. Floraidi pia haitoki kwa kuchemsha, na hilo nalisema kwa herufi kubwa kwa ajili ya watoto wa hapo nyumbani kuliko kwa ajili ya pombe: KUCHEMSHA HAKUONDOI FLORAIDI. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita kwa maji ya kunywa, na visima vingi vya nchi yetu vinapita hapo.

Tukirudi kwa ule weupe wa hapo hapo, huo ni mafuta. Sio lazima mafuta ya kupikia (ingawa nitauliza kuhusu hiyo jerikeni yako sasa hivi), namaanisha vitu vyenye asili ya mafuta ambavyo hamira inatengeneza wakati kangara inachacha. Vinapita na mvuke, hasa mwisho mwisho wa kupika, ule mkia, wakati kinachotoka kimeanza kuwa dhaifu na kunuka kama kadibodi iliyolowa. Hivi vitu vinakaa vizuri kwa spiriti ya 65 na hutaviona. Ukishuka chini ya 46 hivi, pombe haitoshi tena kuvishika, vinajikusanya kuwa matone madogo madogo yasiyohesabika, mwanga unagonga hayo matone unatawanyika, jicho linaona maziwa. Ni jambo la kawaida duniani kote. Kule Scotland kuna wiski nyingi zinawekwa kwa chupa zikiwa 46 makusudi ili zisipate ukungu, na zile za 40 mara nyingi zinapozwa sana kwanza alafu zinachujwa zikiwa baridi. Hakuna mtu anaumwa na ukungu kama huo. Ni suala la sura na ladha, na kwako wewe ni habari kwamba umekinga mkia mrefu kupita kiasi.

Sasa hiyo jerikeni. Hujasema ni ya nini, lakini jerikeni nyingi za njano tunazotumia nyumbani zilikuja na mafuta ya kupikia ndani. Unaweza kuiosha na sabuni na maji moto mara kadhaa, uinuse usisikie kitu, na bado plastiki imekunywa mafuta kwenye kuta zake. Maji hayayatoi. Spiriti ya 65 inayatoa vizuri sana, na ikikaa humo siku mbili tatu inayachukua, inabaki safi kwa macho, alafu unapoongeza maji mafuta yanaonekana hapo hapo kwa rangi ya maziwa. Kama ni hiyo ndio umetumia, acha kuitumia leo. Spiriti kali ikae kwa chupa kubwa za glasi ama chombo cha chuma kisichoshika kutu cha kiwango cha chakula, na ukikosa kabisa basi plastiki mpya ya kiwango cha chakula kwa muda mfupi tu. Usiwahi kugusa jerikeni iliyobeba dawa ya mifugo, ya shamba ama ya viwandani, hiyo haioshwi ikatosha hata ufanye nini.

Usinikubali tu kwa sababu nimesema, jaribu mwenyewe, haitakugharimu kitu. Chukua hiyo pombe ambayo imeshageuka nyeupe na unga uko chini, mimina ile ya juu polepole kwa glasi bila kutikisa unga. Weka hiyo glasi ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unavumilia, mbali na moto wowote. Ikianza kusafika ikipata joto na kurudi nyeupe ikipoa, ni mafuta. Ama itie spiriti ya 65 kidogo kidogo, ikisafika ni mafuta hayo hayo. Ule unga uliobaki kwa chupa uweke kwa kijiko na uutonee siki nyeupe. Ukitoa mapovu ni chokaa. Usipotoa mapovu haina maana sio madini, inaweza kuwa ni ile salfeti, na hiyo haitoi mapovu.

Alafu fanya jaribio la chupa tatu, na hili ndio litakalokuambia ukweli kuhusu maji. Chupa tatu za glasi nyeupe, zote spiriti ile ile ya 65, moja utaipunguza kwa maji ya kisima, ya pili kwa maji ya duka yaliyopita mashine ya RO (ile inayosukuma maji kwa chujio laini sana linalozuia madini), ya tatu kwa maji ya chupa ya kawaida ya dukani. Ziandike majina. Ziache mpaka kesho kwenye meza, alafu usiku mmoja kwa friji. Ukizitazama weka kitambaa cheusi nyuma yake na umulike na tochi ya simu kutoka upande, sio kutoka mbele, hapo hata ukungu mwembamba utauona. Kama ile ya RO pia imegeuka nyeupe hapo hapo, basi maji hayana makosa kwa hilo, ni mkia na jerikeni. Kama ya RO haina unga na ya kisima inao, umeshapata jibu la unga.

Kuhusu maji yenyewe, kuna dhana moja imeenea sana, kwamba pombe nzuri inataka maji yenye madini, maji ya mlima, kwa sababu tunasikia Wamarekani wa Kentucky wakijivunia maji yao yanayopita kwenye mawe ya chokaa. Ni kweli wanajivunia, lakini hapo watu wanachanganya maji mawili. Kuna maji ya kuchachusha na kuna maji ya kushushia ukali. Ya kuchachusha yanafaa kuwa na madini kiasi kwa sababu hamira inahitaji kalsiamu na magnesiamu ili ifanye kazi, na hayo madini hayapiti na mvuke, yanabaki chini kwa mtambo pamoja na machicha. Chumvi pia inabaki, na floraidi karibu yote inabaki. Kwa hivyo kisima chako hakijapotea bure kabisa, kitumie kwa kangara kama si cha chumvi kali, na kitumie kwa kupoza bomba. Ya kushushia ni habari ingine. Hayo hayapiti moto wala mvuke, kila kilichoko ndani yake kinaingia kwa chupa na kwa koo la mtu. Kule Cognac, Ufaransa, wanatumia maji yaliyokenekwa (yaani yaliyochemshwa na mvuke wake ukakingwa) ama yaliyotolewa madini, na mara nyingi wanashusha polepole sana kwa miezi. Wanataka maji yasiyo na lolote la kusema.

Na sio maji kidogo. Lita 10 za 65 ukizishusha mpaka 40 zinakuwa lita 16 na robo, maana yake karibu sehemu mbili kwa tano za kila chupa ni maji uliyomimina wewe.

Nianze na shauri la mama mkwe, na umwambie nimemheshimu, juu yuko karibu na ukweli kuliko wote. Mvua ni maji laini, haijagusa mawe, karibu haina chokaa. Shida ni njia inayopita mpaka ikufikie. Mabati ya Kitengela na Athi River yanashika vumbi, na pande hizo kuna viwanda vya saruji, sasa saruji ni chokaa, mvua ya kwanza inaiosha yote inaingia kwa tangi. Ongeza kinyesi cha ndege, kutu, na rangi za zamani za paa ambazo zinaweza kuwa na risasi (ile metali yenye sumu). Tangi nalo likiwa la saruji ama la mawe, maji laini ya mvua yanakula chokaa ya ukuta na yanakuwa magumu tena humo humo. Kama mnataka kukinga, acha mvua ioshe paa vizuri kwanza ndio uelekeze bomba kwa tangi la plastiki, chuja, alafu yapite kwa mkaa maalum wa kuchujia maji, na hata hapo mimi ningeyatia kwa mtambo niyakeneke kwanza. Mvua mbichi kutoka kwa paa kwenda kwa chupa, hapana.

Fundi wa magari ana hoja kwa sababu maji ya betri yametolewa madini kweli, na kwa unga yangekusaidia. Lakini siwezi kukuruhusu. Hayatengenezwi kwa ajili ya kunywewa, hakuna anayepima kama chombo chake ni cha chakula, na mara nyingi yanauzwa rafu moja na asidi ya betri kwenye chupa zinazofanana, wakati mwingine zinajazwa upya na watu barabarani. Kosa moja la chupa hapo ni koo la mtu limeungua. Akiba ya shilingi chache haifiki hapo.

Maji ya bomba ya Nairobi, yale yanayotoka Ndakaini na Sasumua kule miteremko ya Nyandarua, ni laini na mtu wa mjini anaweza kuyatumia akishayapitisha kwa mkaa wa kuchujia ili kutoa klorini, kwa sababu klorini ikibaki inaleta harufu ya hospitali. Kitengela mambo ni tofauti, bomba lenu haliji kila siku na lori la maji likija huwezi kujua limejazwa wapi, leo kisima hiki kesho kile. Maji ya chupa ya dukani yanategemea, soma lebo. Yakiitwa ya madini basi yana madini, hakuna siri hapo, na bikaboneti ikiwa nyingi inaipa pombe ladha ya sabuni sabuni na pole pole inaua ile harufu tamu ya matunda.

Chaguo langu kwako ni maji ya duka la kujaza, yale yanayopita mashine ya RO, sababu yako kila mtaa wa Kitengela na bei yake haiumi. Lakini usichukue tu ukaondoka. Nunua kipimo cha TDS (jumla ya madini yaliyoyeyuka kwa maji), ile kalamu ndogo ya kuchovya, ni bei ya kawaida kabisa, ichovye kwa maji yao mbele yao. Kwa kazi hii unatafuta chini ya 20, chini ya 10 ni bora zaidi. Maduka mengi yanarudisha madini kidogo baada ya RO ili maji yawe na ladha, na utakuta yanasoma 50 ama 80. Muombe mwenye duka akukingie kabla ya hatua hiyo, wengi wanakubali ukiwaeleza. Na upime kila safari, juu chujio ikizeeka namba inapanda bila mwenyewe kujua. Elewa pia kipimo hicho hakioni vijidudu wala hakitofautishi chumvi na risasi, kinahesabu tu mzigo wote wa madini kwa jumla.

Njia ya pili ni kukeneka maji kwa mtambo wako mwenyewe, na kwa kiasi kidogo ni nzuri sana, ila mtambo uoshwe mpaka usinuke pombe, na kinachotoka mwanzo kimwagwe. Hapa nakuuliza swali gumu kidogo: bomba lako la kupozea limeunganishwa na nini? Kama fundi amechomelea na risasi, ama ametumia rejeta ya gari, tafadhali usipike tena kwa huo mtambo, iwe maji ama pombe. Risasi haionekani, haina ladha, na inakaa mwilini miaka. Hii ni kubwa kuliko swali lote la ukungu.

Zile mashine za kulainisha maji zinazotumia chumvi sizipendi kwa kazi hii, zinachukua chokaa zinarudisha sodiamu, unga utapungua lakini mzigo ni ule ule na ladha inakuwa bapa.

Ukishapata maji, shusha polepole. Pombe na maji vikichanganywa vinapata joto na ujazo unajikunja, nusu lita ya pombe tupu na nusu lita ya maji haifiki lita moja, kwa hivyo hesabu ya karatasi haitoshi. Kwa zile lita 10 hesabu inasema maji lita 6 na robo, ukweli uko karibu 6.4. Tia maji kidogo kidogo ukikoroga, acha kama sehemu moja ya kumi ya maji pembeni, pumzisha mpaka kesho, ndio upime na umalizie. Na uangalie joto wakati wa kupima, kipimo cha pombe kimetengenezwa kwa nyuzi 20, mchana wa Kitengela ukifika 30 pombe ya 40 halisi itasoma karibu 44, na ukishusha kwa namba hiyo utakuwa umeipunguza kupita kiasi. Pima asubuhi mapema ama utumie jedwali la marekebisho. Yote haya yafanyike mbali na jiko, mbali na sigara, mvuke wa spiriti ya 65 unashika moto kabla hujauona.

Kuhusu mkia, anza kubadilisha chombo mapema zaidi. Usingoje harufu ya kadibodi ijae chumba, ikianza tu toa chombo cha kunywa weka kingine, na ule mkia urudishe kwa mapishi yajayo. Leo utapata lita pungufu kidogo lakini weupe utapungua sana, pengine uishe.

Leseni umesema unayo na nimefurahi, nasema tu kwa wanaosoma hapa: sheria ya 2010 ilifuta marufuku ya chang'aa Kenya lakini haikumruhusu kila mtu kupika, bila leseni bado ni kosa, na Tanzania na Uganda pia huwezi kupika bila kibali. Hata wewe mwenye leseni usiuze wala kugawa chupa moja kabla maabara haijapima spiriti yenyewe, methanoli pamoja na metali. KEBS (shirika la viwango la Kenya) na maabara ya Mkemia wa Serikali wanafanya hivyo. Peleka na sampuli ya maji ya kisima siku hiyo hiyo, uombe wapime floraidi, ugumu, chuma na risasi, itakufaa hata kwa maji ya chai. Na kama kuna mtu ameonja hiyo pombe ama nyingine yoyote na ndani ya siku moja hivi anaona ukungu machoni, kichwa kinamuuma isivyo kawaida, anatapika ama anapumua kwa shida, hapo usinitafute mimi, usimpe maziwa, usimwache alale, mkimbize hospitali yenye vifaa usiku huo huo na uwaambie wazi amekunywa nini.

Kwa zile lita 30 zilizosimama, usimwage na usichuje kwa kitambaa, hayo matone ni madogo mno yatapita. Kama zilikaa kwa jerikeni ya mafuta ya kupikia ama una shaka tu na mkia, rudisha zote kwa mtambo zikiwa zimeshushwa chini ya 30, hapo maji ya kisima yanaruhusiwa, pika tena taratibu, toa kichwa (kile kinachotoka mwanzo kabisa) na mkia, kinga kwa glasi, alafu ushushe kwa maji ya RO uliyoyapima. Kama jerikeni ilikuwa ya kitu kingine kisicho cha chakula, hizo lita hazirudi kwa mtambo, zinamwagwa. Jaribio la chupa tatu lifanye kabla ya yote hayo, na ukiona ile ya RO imebaki safi mpaka baada ya usiku wa friji, pika kwa amani.